Bibi Avalishwa Viatu Virefu

Fundi aliyeitwa Hapana aliamka siku ile akiwa na hasira za wiki mbili. Mgongo ulikuwa umemlaza chali tangu alipojaribu kunyanyua gia boksi peke yake mbele ya mteja, kama kijana, na muda wote huo alikuwa akitazama bati la chumba chake na kumlaani kila aliyepita dirishani akicheka. Mkewe alimchua, akamgeuza ubavu, akavumilia. Asubuhi hiyo alipomwona amesimama wima, alimkabidhi fimbo na shati safi.

"Haya, nenda ukawagombeze wateja," akamwambia. "Mimi nimeshiba."

Jina la Hapana alipewa na wateja. Mtu aliingia gerejini na ombi lake, na kabla hajalimaliza neno lilikuwa limeshatua. Kuziba tangi la mafuta kwa sabuni ili gari lifike safari? Hapana. Kufunga breki zilizotolewa kwenye gari la namna nyingine? Hapana. Wala hakuongeza neno la pili. Aliamini kwamba mtu mzima akiambiwa hapana na fundi anayeijua kazi, anatakiwa ageuze gari aende zake. Na kusema haki, katika miaka yake yote hakuna gari lililotoka mikononi mwake likaenda kumuumiza mtu. Hiyo si sifa ndogo. Ziko gereji zenye mabango ya kung'aa ambazo haziwezi kuitamka bila kushikwa na kigugumizi.

Gereji ile waliachiwa na baba yao, yeye na mdogo wake wa kiume, na mdogo huyo aliitwa Staili. Kwa Staili kila kitu kiliwezekana, tena kwa jioni ileile. Alipenda miwani ya jua, picha za simu, na wateja wanaosema "wewe ndiye mwanangu." Mikono yake ilikuwa myepesi, hilo hakuna aliyebisha, alichokosa ni subira ya kurudi kutazama alichokifanya. Watu wa aina yake ni wengi siku hizi, na tunawashangilia, ndiyo maana wanazidi.

Kati ya hao wawili alizaliwa dada yao. Mumewe alipofariki alimwachia watoto na gari moja kuukuu la kupanda milima, la mraba kama sanduku, lenye vyuma vya springi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine mbele na nyuma. Gari hilo alilipa jina la Bibi. Kila siku Bibi alipanda mashambani kuchukua maziwa, akashuka mteremko mkali wenye kona, akavuka mto pasipo na daraja, akafikisha maziwa kwenye majokofu kabla hayajaganda. Nyuma walipanda akina mama wa kule juu, wamekaa juu ya madebe na vifurushi vyao. Pale mtoni palikuwa na mawe, na Bibi alikuwa mfupi. Jiwe lilimng'oa ekzosi. Jiwe jingine lilimtoboa tumbo, maziwa ya mchana mzima yakachacha mtoni huku watu wakitafuta trekta la kumvuta.

"Kaka," alimwambia Hapana baada ya hapo, "huwezi kuninyanyulia Bibi kidogo? Na tairi kubwa kidogo?"

"Hapana."

Msimu wa mvua uliofuata aliuliza tena. Hapana alikuwa ameinamia injini. "Nilishasema," akajibu, bila kuinua kichwa.

Hayo ndiyo yaliyotangulia siku ile ambayo Hapana alitoka kitandani na kushika njia ya gerejini, fimbo mkononi, kila hatua ikimchoma kiunoni.

Alisikia kelele kabla hajakata kona. Mbele ya geti watu walikuwa wamejazana na simu zao juu. Katikati yao, akiwa amewazidi wote kwa urefu, alisimama Bibi. Tairi zilikuwa nene, nyeusi, zimetokeza nje ya madigadi kama masikio. Pale ambapo zamani mtu alifungua mlango na kukaa, sasa ilibidi aparamie. Na mlangoni, kwa rangi nyekundu ambayo bado ilinuka, liliandikwa jina la gereji na namba ya simu ya Staili.

Mtu wa kwanza kumwona alikuwa muuza matofali, mtu mnene mwenye pikapu ndogo, ambaye alikuwa amekuja kupanga siku ya kunyanyuliwa gari lake.

"Mzee! Karibu duniani!" akapaza sauti. "Umelala kidogo tu, Bibi kavaa viatu virefu!"

Kicheko kikazagaa. Hapana hakucheka. Alimpita muuza matofali kama anapita nguzo, akashika bampa, akajishusha taratibu mpaka goti moja likagusa chini. Jasho lilimtoka. Akatazama uvunguni.

Alichokiona kilimfanya asahau mgongo. Springi zilikuwa zilezile za zamani. Kati ya springi na ekseli inayobeba magurudumu, Staili alikuwa amepachika vipande vya chuma kilichokatwa kutoka kwenye boriti, akavibana kwa boliti ndefu. Kwenye ekseli ya nyuma wengine hufanya hivyo na Mungu huwasitiri. Lakini alivitia na mbele pia, mahali ambapo breki zikikamata uzito wote wa gari hukimbilia na kutaka kuvisokota vitoke. Shokapu zilikuwa mpya, ndefu. Na kando yake ulining'inia mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta ya breki kutoka kwenye chasisi, mifupa ya gari, hadi kwenye gurudumu. Mpira huo ulikuwa wa zamani, wa urefu uleule, na ubavuni ulikuwa na alama inayong'aa, kama kiatu kilichosuguliwa.

Staili alitoka ofisini akiwa amevaa miwani. "Kaka mkubwa! Umeona kazi? Tangu Jumatano simu haipoi. Wanataka wote kama hivi."

"Nani alikuruhusu?"

"Ruhusa ya nini tena? Dada ameomba, nimemfanyia. Wewe ulikuwa unaota na misumari ya bati."

Dada yao alikuwa ameshakaa nyuma ya usukani. Madebe matupu yalikuwa yamefungwa nyuma, na akina mama watatu walikuwa wameshapanda, wanarudi mashambani kwao. Aliteremsha kioo.

"Shikamoo, kaka. Unaendeleaje na mgongo?"

"Shuka kwenye gari."

"Hata salamu haijibiwi?"

"Nimesema shuka. Na hao wengine washuke."

Wale akina mama walitazamana. Mmoja wao, mwenye kikapu cha vitunguu, akauliza kwa sauti ya kusikika, "Huyu ndiye yule?" na mwenzake akamjibu, "Ndiye mwenyewe."

"Kaka, nina maziwa yananisubiri," dada yake akasema. Uso wake ulikuwa umeanza kukaza. "Tangu Jumatano navuka ule mto kama malkia. Sijagusa jiwe hata moja. Leo ndiyo mara ya kwanza umeliona, na la kwanza kutoka mdomoni ni shuka?"

"Gari hili haliendi popote."

"Unaona?" Staili akawageukia watu, mikono ameinyoosha. "Ndiyo maana namwacha alale. Kaka, dunia imebadilika. Nimelipima mwenyewe gari hili, hapahapa kwenye sakafu. Mpira unafika, tena umelegea."

"Umelipima likiwa limesimama?"

"Sasa ningelipima limelala?"

Watu walicheka tena, na muuza matofali alicheka kuliko wote. Hapa ndipo hasira ya Hapana ilipopanda mpaka masikio yakalia. Kama mgongo ungemruhusu angemshika mdogo wake kola. Badala yake alichomoa ufunguo wa gari kupitia dirishani, akautia mfukoni, akasema kwa sauti ndogo ambayo wanaomjua waliiogopa kuliko makelele, "Leta jeki. Ile ndefu."

"Sileti."

"Basi nitaitambalia mwenyewe, na nikifia chini ya gari umwambie shemeji yako kwa nini."

Staili aliileta, akaibwaga miguuni pa kaka yake. Ndani ya gereji ile kulikuwa na desturi moja tangu enzi za baba yao: gari lililoguswa springi halitoki mpaka lining'inizwe. Hunyanyuliwa kwa chasisi, si kwa ekseli, ili gurudumu lianguke hadi mwisho wake, kisha usukani huzungushwa mpaka kikomo cha kushoto na cha kulia huku mtu akitazama nini kinagusana na nini kinavutika. Staili aliijua desturi hiyo. Alilelewa ndani yake. Aliiruka kwa sababu rangi ya mlangoni ilikuwa inakauka na watu walikuwa wanangoja kupiga picha.

Akina mama walikuwa wameteremka. Hapana aliegemea fimbo na kuamuru, Staili akapampu jeki, akinuna. Bibi akainuka upande wa mbele kushoto. Chasisi ilipanda, gurudumu likabaki chini. Shokapu mpya ikarefuka, gurudumu likazidi kushuka, na mpira wa breki ukaanza kunyooka. Ulinyooka mpaka ukawa kama kamba ya kuanikia nguo.

"Mdogo wangu," Hapana akamwambia dada yake, "zungusha usukani kushoto. Mpaka mwisho."

Akazungusha. Lile tairi nene likageuka polepole, bega lake likaufikia mpira, likaubana palepale penye alama ya kung'aa.

"Kanyaga breki."

Akakanyaga. Kwa muda hakuna kilichotokea, na Staili alishaanza kutabasamu. Kisha pale mpira unapoingia kwenye chuma likajitunga tone. Likanenepa, likadondoka sakafuni. Likafuata jingine. Mwanamke mwenye vitunguu alivuta pumzi kwa meno.

Hakuna aliyecheka.

"Barabarani gari haliningʼinii hivyo," Staili akasema upesi. "Umelivuta kupita kiasi. Barabarani magurudumu yote yako chini."

"Mtoni," dada yake akasema.

Alisema hivyo akiwa bado amekaa juu, mguu kwenye breki, macho mbele.

"Mtoni, upande wa kushoto, kuna shimo. Gurudumu hili huning'inia ndani yake kila siku. Na hapo hapo huwa nakata kona." Akashuka. Ilibidi ashike mlango, kwa kuwa ardhi ilikuwa mbali. "Halafu napanda, nashuka ule mteremko nikiwa na madebe yamejaa na watu nyuma."

"Dada, nisikilize..."

"Juzi nilikupigia simu. Nilikwambia nini?"

Staili alivua miwani akaanza kuifuta.

"Nilikwambia pedali ya breki imekuwa laini, inashuka kabla haijashika. Ukanijibu nini? Waambie hawa."

"Nilisema..."

"Ulisema itazoea! Gari ni geni kwa viatu vipya, dada, itazoea! Ulicheka!" Sauti yake ilipasuka na kujaa uwanja mzima. "Mimi nikacheka na wewe! Nikaenda kuwapakia watu! Wanangu wana mzazi mmoja, we mtoto, mmoja tu, na ulimweka kwenye ule mteremko ili upate mlango wa kuandika namba yako!"

Staili aliinamia miwani yake, na mtu wa namna hiyo akiinama huonekana mdogo ghafla. Kosa la kazi huwa na tiba, maana kila fundi aliyeishi amewahi kukosea. Lakini yeye aliambiwa kwamba breki zimelegea, akaliona jambo lenyewe kichwani, nina hakika aliliona, na akachagua kucheka kwa sababu wateja walikuwa kwenye foleni. Hilo haliitwi kukosea. Lina jina jingine, na kila mmoja wetu analijua.

Hapana aliona kwamba sasa ni zamu yake. Alijinyoosha kadiri mgongo ulivyomruhusu.

"Si nilisema hapana?" akauliza. "Nilisema au sikusema?"

Dada yake alimgeukia taratibu, na wale akina mama wakarudi nyuma hatua moja.

"Na wewe," akasema. "Na wewe, kaka. Nijibu swali moja. Gari hili linaweza kunyanyuliwa vizuri? Kwa njia iliyo salama?"

Hapana akajifanya anaikagua jeki.

"Nakuuliza kama fundi. Linaweza?"

"Linaweza," akasema hatimaye. "Siyo hivi. Si kwa tairi hizi. Springi zenyewe zinatengenezwa upya, zinakunjwa zaidi. Mipira ya breki inawekwa mirefu. Tairi inaongezwa saizi moja tu..."

"Tangu lini unajua hayo?"

"Siku zote."

"Siku zote!" Alipiga kofi bodi ya Bibi, likalia kama ngoma. "Nilikuja kwako mara ngapi? Mara ya kwanza hukuuliza hata kwa nini nataka. Mara ya pili hukuinua kichwa kwenye injini! Jiwe linanitoboa gari, maziwa yanachacha, wanangu wanarudishwa kutoka shule kwa ada, na kaka yangu wa tumbo moja anajua dawa na ananinyima maneno kumi! Ulidhani nitaacha kuvuka mto kwa sababu wewe umesema hapana? Nilienda kwa huyu kwa sababu yeye angalau alinitazama usoni!"

"Ni kazi ndefu," Hapana akasema. "Nilidhani..."

"Ulidhani mimi ni mjinga, nitaelewaje. Sema tu."

Ilikuwa kweli. Kwa miaka mingi alikuwa amejiona mtu mwadilifu kuliko wote mtaani, na alikuwa mwadilifu. Ila uadilifu wake aliufungia ndani kama mtu anayefungia chakula na kujisifu kwamba hakuna aliyekula sumu nyumbani kwake. Hasira aliyokuja nayo kutoka kitandani ilikosa pa kwenda, ikamrudia.

Dada yao alipindua debe moja tupu, akalikalia katikati ya mlango wa gereji.

"Litengenezeni," akasema. "Nyote wawili. Mbele ya macho yangu. Na kila kitu mtakachofunga nitauliza kwa nini, na nitajibiwa."

"Na maziwa?" akauliza mwenye vitunguu.

Dada yao akamtazama muuza matofali, aliyekuwa anajiondokea kwa kunyata. "Wewe mnene uliyecheka sana. Pikapu yako ina nafasi. Utazungukia barabara ya mbali, utawapeleka hawa akina mama, utarudi na maziwa yangu mpaka gari langu lipone."

"Mimi? Mama, mimi nabeba matofali!"

"Maziwa ni mepesi zaidi. Twende, madebe ndiyo haya."

Akabeba. Na akina mama wakapanda nyuma ya pikapu na vitunguu vyao, wakimshauri aendeshe taratibu.

Kazi ilichukua siku kadhaa, na zilikuwa siku mbaya. Springi zilipelekwa kwa mfua vyuma wa ng'ambo ya soko, zikaongezwa chuma kimoja kimoja na kukunjwa upya. Vile vipande vya boriti Staili aliambiwa avibebe mwenyewe hadi kwenye jalala la vyuma chakavu, mchana kweupe, na watu waliopiga picha Jumatano walimwona. Hapana hakuweza kulala chini ya gari. Ilibidi akae kwenye kigoda na kumwelekeza mdogo wake kwa maneno, na hiyo ilikuwa adhabu yake, kwa sababu hakuyazoea.

"Kaza ile ya kushoto."

"Kwa nini?" dada yao angeuliza kutoka kwenye debe lake.

Hapana angevuta pumzi. "Kwa sababu usipoanza na hiyo, ekseli inakaa upande."

"Ikikaa upande?"

"Gari litakuwa linakuvuta kwenye mtaro saa zote."

"Haya. Endeleeni."

Uvunguni, Staili hakunena zaidi ya "spana" na "nyingine." Kaka yake alimpa kwa kuzirusha. Siku ya tatu mkono wake ulipoteleza akajikata kidole, Hapana alimtupia kitambaa bila kumtazama, naye akakifunga bila kushukuru. Huo ndio ulikuwa upendo wao wote kwa wiki ile.

Zile tairi nene zilirudishwa dukani. Zilizofungwa zilikuwa za wastani, na Bibi aliposhushwa kwenye jeki alionekana mrefu kiasi tu, kama mwanamke aliyejinyoosha baada ya kuinama muda mrefu. Kabla hajashushwa, waliining'iniza kila pembe. Safari hii dada yao mwenyewe alichuchumaa na tochi wakati Staili anazungusha usukani. Aliuona mpira mpya ukifuata gurudumu chini ukiwa bado na ziada, na kati yake na tairi alipitisha ngumi yake yote. Akaipitisha tena upande wa pili. Akapanda, akakanyaga breki, ikashika juu, ngumu.

Kisha akachukua tambara na petroli kidogo, akafuta jina la gereji mlangoni na namba ya simu. Alisugua mpaka rangi ya zamani ikatoka nayo.

"Dada, hata jina?" Staili akauliza.

"Ukistahili nitakuandika mwenyewe."

Muuza matofali alikuwa amefika na madebe ya mwisho, shati limelowa maziwa. Alimtazama Bibi, akamwendea Hapana kwa adabu ambayo hakuwa nayo mwanzo.

"Mzee, na mimi pikapu yangu. Nyie mnaweza kuninyanyulia? Nataka iwe juu hasa."

"Hapana," Hapana akasema.

Injini ya Bibi ilikuwa imeshawaka. Dada yake alikuwa akimtazama kwenye kioo cha pembeni, haondoki.

Hapana alikunja uso kama mtu anayemeza dawa chungu. Alisogeza kigoda cha pili kwa ncha ya fimbo.

"Kaa," akamwambia muuza matofali kwa ukali. "Kaa nikwambie kwa nini. Na usinikatize."

Ndipo Bibi akaondoka kuelekea mtoni.